Shajara ya mtambo: kutoka zizi la ng'ombe hadi pipa la kwanza

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Nimeripoti kazini leo. Shamba liko Moray, kaskazini-mashariki mwa Scotland, jirani na mto Spey. Kutoka getini naona paa za viwanda viwili vya wiski vilivyokuwepo kabla babu yangu hajazaliwa. Sisi tunajenga kipya. Wenye shamba ni mume na mke waliolima shayiri maisha yao yote na kuiuza kwa tani. Sasa wanataka ipikwe hapahapa, kwenye zizi la mawe lililohamishwa ng'ombe mwaka jana. Kazi yangu ni mabomba: mvuke, maji, na kila kitakachopita ndani ya shaba.

Timu ni ndogo. Wenye shamba, mpishi mkuu, fundi umeme wa siku mbili kwa wiki, na mimi. Mpishi mkuu ana miaka 63, ameanza kazi hii akiwa kijana, na nimeshindwa kumwita kwa jina lake la kwanza kama wenzake wanavyofanya. Siku ya usaili nilimwita Mzee. Akauliza maana yake, nikamweleza, akasema basi iwe hivyo.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayopigia mahesabu kichwani. Tena kuna vijana wa ufundi nyumbani Moshi wanaoniuliza kila siku huku tunafanya nini hasa.

Jumamosi, 21 Septemba

Mzee alinipa Kanuni za Wiski ya Scotland za mwaka 2009, nikashinda nazo. Ili chupa iandikwe single malt, lazima iwe imetokana na kimea cha shayiri kitupu, maji na hamira, kwenye kiwanda kimoja, ikapikwa mkupuo kwa mkupuo kwenye mitungi, yaani masufuria makubwa yanayochemsha pombe igeuke mvuke, kisha mvuke upozwe. Kisha ikae kwenye mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, ndani ya Scotland, kwa miaka isiyopungua 3. Ikiingia kwenye chupa isishuke chini ya asilimia 40.

Hiyo miaka mitatu ndiyo mradi wenyewe. Mwenye kiwanda cha bia anauza baada ya wiki chache. Sisi tutanunua mafuta ya boila, tutalipa mishahara na kodi ya jengo miaka mitatu mizima, na hakuna hata chupa moja tunayoruhusiwa kuiita wiski. Wengi hujishikiza kwa jini (ile pombe kali, gin), maana jini haidai pipa. Kiwanda cha kisiwa cha Harris kilifunguliwa 2015 pale Tarbert, kikaishi kwa jini yenye mwani wa baharini, na wiski yao ya kwanza, The Hearach, ikatoka Septemba 2023. Miaka minane.

Nilimpigia mama jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo pombe mmeshaipika?"

Nikamweleza ndiyo kwanza tunamwaga zege, na kwamba tukishapika tutaifungia miaka mitatu. Akanyamaza kidogo. "Mitatu? Mbege ukiiacha siku tatu imeshachacha. Sasa hao watu wanakula nini wakisubiri?"

Ndilo swali ambalo mama mwenye shamba analihesabia kila usiku kwenye kompyuta yake.

Ijumaa, 18 Oktoba

Zege limekauka. Matangi mawili ya kuchachulia yamesimama, ya mbao, kila moja lita 3,500. Boila imefika. Mabomba ya maji baridi nimemaliza.

Leo kumekuwa na mabishano ya kwanza ya kweli. Baba mwenye shamba anataka kuagiza mapipa madogo ya lita 50. Hoja yake ni kwamba kwenye pipa dogo kila lita inaguswa na mbao nyingi zaidi, kwa hiyo rangi na ladha ya mwaloni vinaingia haraka, na siku ya miaka mitatu kutimia tunauza. Mzee alikataa palepale. Alisema mbao zitaingia haraka, sawa, lakini pombe yenyewe itabaki mbichi chini yake, na pipa dogo linavuja hewani kupita kubwa. Hapa Scotland pipa la kawaida hupoteza kama asilimia 2 kwa mwaka. Wenyeji husema hilo ni fungu la malaika.

Hakuna aliyeshinda. Agizo la mapipa limesimama.

Alhamisi, 14 Novemba

Mitungi imefika juu ya lori, imefungwa maturubai kama maiti wawili wakubwa. Tulipoyavua, watu wote wa shamba waliacha kazi wakasogea. Shaba mpya ina rangi ambayo haitarudi tena, nyekundu ya waridi kabisa. Mwezi mmoja wa moto na itakuwa kama sarafu ya zamani.

Mtungi wa kwanza unabeba lita 3,000, wa pili 2,000. Shingo ya wa kwanza ni fupi na nene. Ya wa pili ni ndefu, na mkono wake unapanda kidogo kabla ya kushuka kwenye kipozeo. Mzee aligombania mwinuko huo miezi mingi kabla sijafika. Mvuke mzito ukikutana na mlima unarudi chini, unapikwa upya, na unazidi kuigusa shaba. Shaba ndiyo inayomeza harufu ya kiberiti, ile ya kabichi iliyochemshwa mno. Ukijenga mtungi wa chuma cha pua utapata pombe, ila hutapenda kuinusa.

Jumapili, 1 Desemba

Nimeunganisha koili za mvuke ndani ya mitungi yote miwili. Maungio 46, mawili yamevuja kwenye jaribio la shinikizo, nimeyakata na kuyachomelea upya.

Wiki hii nilizungumza na mama mwenye shamba kuhusu fedha. Alinieleza njia ya watu wa Dingwall, magharibi ya hapa. Kiwanda chao cha GlenWyvis, kilichozinduliwa Novemba 2017, kilijengwa kwa hisa za maelfu ya watu wa kawaida, na ndicho cha kwanza kumilikiwa na jamii namna hiyo. Ameipenda sana lakini anaona kwao imechelewa. Viwanda vingi vipya huuza mapipa kwa watu binafsi kabla hayajajaa. Hapo napo anaogopa, kwa sababu nchi imejaa madalali wanaouza mapipa kwa ahadi za faida kubwa na watu wamelizwa. Alisema hataki jina la shamba lao lipite kwenye midomo ya watu hao. Nilimheshimu kwa hilo.

Jumatano, 5 Februari 2025

Tangu Jumamosi ushuru wa pombe kali Uingereza umepanda kwa asilimia 3.65. Ulipanda pia Agosti 2023, kwa asilimia 10.1. Hatujapika hata tone na hesabu ya chupa ya mwaka 2028 tayari imebadilishwa mara mbili.

Jumatatu, 17 Februari

Nimerudi jana kutoka Islay. Mzee alinituma, nauli juu ya shamba, akasema nikaangalie mabomba ya wenzetu kabla sijafunga ya kwetu.

Islay ni kisiwa chenye watu kama 3,000 na karibu kila njia inaishia kwenye kiwanda cha wiski. Feri ilinishusha Port Askaig, na dakika chache kaskazini yake kuna Ardnahoe, kilichoanza kupika 2018. Nilikwenda kwa ajili ya kitu kimoja: vipozeo vyao. Badala ya mapipa yenye mirija ndani, wana koili ndefu ya shaba inayozunguka ndani ya beseni kubwa la mbao lililojaa maji baridi, nje kwenye upepo. Nilisimama pale nikacheka kwa furaha. Yeyote aliyewahi kuona mtambo wa gongo kijijini anakijua kifaa hicho: koili ndani ya pipa la maji. Ni uleule, ila huku umekuwa mkubwa kama nyumba na una leseni. Hata leseni yenyewe ina historia inayofanana na yetu. Kabla ya sheria ya mwaka 1823 mabonde haya ya Spey yalijaa wapishi wa kificho, na serikali ilipopunguza ushuru na kuweka leseni ya pauni 10, mmoja mmoja wakaanza kutoka vichakani. George Smith wa Glenlivet alichukua ya kwake 1824, na majirani waliobaki magendo walimchukia hata akawa anatembea na bastola mbili.

Ardnahoe hawakukimbilia siku ya miaka mitatu. Wiski yao ya kwanza ilitoka 2024.

Siku ya pili nilikwenda Kilchoman, upande wa magharibi, shambani kabisa kama kwetu. Kilipoanza 2005 kilikuwa kiwanda cha kwanza kipya Islay katika miaka 124. Wanalima sehemu ya shayiri yao na kuiotesha wenyewe sakafuni. Nilipoingia chumba cha kimea miguu ilikataa kuendelea. Harufu ile, mbegu yenye unyevu inayopasuka na kutoa vijizizi, tamu kidogo, kama tango lililokatwa: ndiyo harufu ya stoo ya bibi yangu Marangu, alipokuwa akiotesha ulezi wa mbege chini ya majani ya mgomba. Bibi aligeuza kimea chake kwa viganja. Hawa wanageuza kwa koleo la mbao. Sababu ni moja: usipogeuza inajipasha moto na mizizi inashikana.

Kilchoman waliuza wiski yao ya kwanza ikiwa na miaka mitatu tu, mwaka 2009, na leo wanaheshimika dunia nzima. Najua baba mwenye shamba atanikumbusha hilo. Lakini upo mfano wa pili, Daftmill ya Fife. Familia ya wakulima, walianza kupika mwishoni mwa 2005, na hawakuuza chupa hadi 2018. Waliweza kwa sababu shamba liliendelea kuwalisha. Wanapika majira ambayo shamba limepumzika, basi.

Njiani kurudi feri nilipita kiwanda cha Port Ellen. Kilifungwa 1983, mwaka ule kampuni kubwa ya DCL ilipofunga viwanda kwa mkupuo kwa sababu maghala yalikuwa yamefurika wiski isiyo na mnywaji. Brora ilifungwa mwaka uleule. Brora imewashwa tena 2021, Port Ellen Machi 2024, na Rosebank ya Falkirk, iliyofungwa 1993, imerudi kupika 2023. Watu husherehekea kurudi kwao, na mimi nafurahi nao. Ila nilikaa kwenye ukuta wa bandari nikifikiria wale waliopewa barua mwaka 1983 na nyumba zao zikiwa hapohapo mita mia mbili kutoka getini. Sasa Scotland ina viwanda zaidi ya 150. Sisi tutakuwa kimoja juu ya hivyo, na sioni vibaya kusema kwamba jambo hilo linanikosesha usingizi.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimekaribia kuuharibu mtungi wa pili.

Tulikuwa tunachemsha maji matupu kusafisha shaba. Saa nane mchana nikafunga mvuke. Utaratibu ni kufungua vali ya hewa juu kwanza, kisha vali ya kumwaga chini. Nilianza na ya chini. Mtungi ulikuwa umejaa mvuke, mvuke ukaanza kugeuka maji, maji yanatoka chini na hewa haina pa kuingilia juu. Shaba ikalia. Mlio kama bati la paa linapokanyagwa na mtu mzito, mara mbili, kisha bega la mtungi likabonyea mbele ya macho yangu, kama shavu la mtu anayenyonya muwa. Vali ya usalama ikafunguka yenyewe na kuvuta hewa kwa mluzi mrefu. Bila ile vali mtungi wote ungejikunja.

Mzee alikuja, akapitisha kiganja juu ya bonde, la upana wa sahani ya chai. Hakunigombeza. Alisema shaba bado ni nzima na hilo bonde litakaa pale kwa sababu umbo la mtungi haliguswi bila sababu.

Nimekaa hadi saa tatu usiku nikitengeneza mnyororo. Kuanzia sasa mkono wa vali ya chini haugeuki mpaka ule wa juu uwe wazi. Nimepaka wa juu rangi nyekundu.

Jumanne, 6 Mei

Mwezi uliopita Marekani iliweka ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa za Uingereza, wiski ikiwemo. Leo limetangazwa kubwa la upande mwingine: Uingereza na India zimeafikiana kwamba ushuru wa India kwa wiski utashuka kutoka asilimia 150 hadi 75, na hadi 40 baada ya miaka kumi. Mama mwenye shamba alisoma kwa sauti wakati wa chai. Hakuna aliyeshangilia, maana hatuna cha kuuza, lakini Mzee alihesabu kwa vidole: miaka kumi ni 2035. "Pipa tutakalojaza mwezi huu litakuwa na miaka kumi wakati huo," akasema, kisha akamtazama baba mwenye shamba. "Kama litakuwa pipa la kufika huko."

Jumatatu, 19 Mei

Tumepika uji wa kwanza.

Kilo 600 za kimea, kilichosagwa alfajiri. Maji ya kwanza yaliingia yakachanganyika na unga hadi nyuzi 64. Baada ya saa moja bomba la chini likaanza kutoa maji ya dhahabu, yananata vidoleni. Mzee alinipa kikombe. Ni togwa. Sina neno jingine la kueleza: togwa ya shayiri, ya moto, tamu hadi kooni. Nilitamani mama awepo aionje.

Machicha tumempa jirani, ng'ombe wake wamemaliza yote kabla ya jioni.

Maji matamu yamepozwa hadi nyuzi 20, hamira imeingia. Tutaiacha siku nne.

Jumapili, 25 Mei

Siku mbili bila kulala vizuri. Ijumaa mtungi wa kwanza ulipokea lita 3,000 za kitu kama bia isiyo na hopsi, nguvu asilimia 8, ukatoa theluthi yake, asilimia 23. Jumamosi ikaingia mtungi wa pili.

Pombe inapotoka kwenye kipozeo haipiti mikononi mwa mtu. Inapita ndani ya sanduku la shaba na vioo lenye kufuli, ambalo ufunguo wake zamani ulikaa kwa ofisa wa ushuru. Ndani kuna mdomo unaogeuzwa kwa mkono wa nje: kushoto inarudi kupikwa upya, kulia inakwenda kwenye tanki la mapipa. Kazi yote ya mpishi iko kwenye lini unageuza.

Ya kwanza kutoka ni kichwa, kali, harufu ya rangi ya kucha. Mzee aliingiza kiasi ndani ya glasi kwenye sanduku, akaongeza maji. Ikawa nyeupe, kama maji yaliyosuuza nazi. Dakika tano, akajaribu tena. Nyeupe. Alijaribu mara sita. Mara ya saba maji yakaingia na glasi ikabaki safi kabisa, hadi nikaona mshono wa koti lake upande wa pili. Akageuza mdomo kulia. Moyo umeanza. Nilichungulia saa: saa nne na dakika 12 asubuhi.

Moyo ulitoka kwa saa mbili na kitu, nguvu ikishuka pole pole kutoka 74. Ulipofika 64 nilianza kusikia harufu ya ngozi na majani makavu. Mzee aliniuliza nasikia nini, nikamwambia. Akasema, "Geuza." Niligeuza mimi. Mkia ukarudi nyuma kusubiri mkupuo ujao.

Mazao ni madogo kuliko hesabu kwa sababu mkupuo wa kwanza hauna kichwa wala mkia wa jana wa kuongezea. Utakaa sawa baada ya mara kadhaa.

Alhamisi, 12 Juni

Mabishano ya mapipa yamekwisha, na aliyeyamaliza ni mama mwenye shamba. Alitandaza karatasi mezani. Ukijaza mapipa hamsini ya lita 50, unauza 2028 na unapata pesa mara moja. Ukishauza huna pipa la miaka sita, la nane, wala la kumi, na kila mwaka unaanza moja. Upande wa pili aliandika shayiri. Wataendelea kuuza nusu ya mavuno kwa tani kama zamani, na kiwanda kitapika Juni na Julai, kisha Novemba hadi Februari, shamba linapopumzika. Hapo gharama za boila na mishahara zinashuka karibu nusu, na mapipa yanaweza kuwa ya lita 200 yaliyotoka Marekani baada ya kubeba bourbon, wiski ya huko, na machache ya lita 250.

Baba mwenye shamba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza kama anaweza kupata mapipa madogo matatu tu, kwa ajili ya harusi ya binti yao. Mzee akasema matatu ni sawa.

Kwangu maana yake ni kwamba mkataba hautaongezwa. Nitaitwa Novemba, kwa msimu. Mama mwenye shamba alinifuata nje kuniomba radhi. Nilimwambia ningekuwa mimi ningeamua vilevile, na ndivyo ninavyoamini. Kiwanda kinachopika miezi sita na kufika miaka ishirini kina faida kwa fundi kuliko kinachopika mwaka mzima na kufungwa baada ya mitatu.

Jumanne, 17 Juni

Pipa namba 1 limejazwa. Lita 198, nguvu asilimia 63.5. Nimepiga kizibo cha mbao mwenyewe kwa nyundo, mara nne. Limelala safu ya chini, kona ya kaskazini, palipokuwa na hori la ng'ombe.

Ijumaa, 1 Agosti

Mwisho wa msimu. Mapipa 54 na yale matatu ya harusi. Shayiri nje imeshakuwa ya njano, wiki mbili hivi wataanza kuvuna.

Nimemwaga boila na kukausha koili. Gasketi ya mkono wa mtungi wa kwanza ibadilishwe Novemba, nimeacha mpya mbili kwenye droo ya juu. Pampu ya maji baridi ina mlio, beringi inachoka. Maji yote yametolewa kwenye mabomba ya nje, baridi isije ikayapasua. Mnyororo wa vali nimeupaka grisi.

Vali ya juu ya mtungi wa pili, ile nyekundu, nimeiacha wazi.